Kufuli la Programu na Mhandisi Aliyelipa

Saa mbili asubuhi, katika ofisi ya uhandisi yenye wahandisi kumi na wawili, mmoja wao huwasha kompyuta ili akamilishe hesabu za nguzo za ghala ambalo msingi wake unamwagwa zege siku hiyo hiyo. Programu anayoitegemea haifunguki. Badala ya mchoro wake, kwenye kioo cha kompyuta hutokea sentensi fupi yenye namba hasi 4, ambayo maana yake ni kwamba leseni zote zilizonunuliwa zimekwisha kuchukuliwa. Ofisi ilinunua leseni tatu. Mbili ziko mikononi mwa watu wanaofanya kazi kwelikweli. Ya tatu imeshikwa na mwenzao aliyeiacha programu wazi jana jioni, akafunga chumba chake, na sasa yumo njiani kwenda Dodoma kukagua ujenzi. Simu yake haipatikani. Na zege, kama mafundi wasemavyo, halilali.

Mkasa wa namna hii haushangazi mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi kwa programu ghali za uhandisi, ziwe za kuchanganua uimara wa majengo, za kuchunguza mwendo wa maji na hewa, au za kusanifu saketi za umeme. Watu walio nje ya fani hudhani kwamba taabu kubwa ya programu hizi ni bei. Bei ni kubwa kweli. Kwa baadhi yake ada ya mtumiaji mmoja huweza kufika makumi ya maelfu ya dola za Marekani kwa mwaka. Lakini mhandisi akiulizwa ni kitu gani kinachomchosha, aghalabu hataji bei. Bei hulipwa na ofisi mara moja kwa mwaka, ilhali ruhusa ya kutumia kilicholipiwa yeye huiomba kila asubuhi.

Yafaa kwanza kueleza jinsi kufuli hili linavyofanya kazi, kwa kuwa wengi wa wanaotia sahihi hati za manunuzi hawajapata kulielezwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulitokea mfumo wa kusimamia leseni ulioitwa FLEXlm. Tangu wakati huo umepita mikononi mwa kampuni kadhaa, na leo hujulikana kwa jina la FlexNet. Wauzaji wengi wa programu za uhandisi wameutumia, na wengine wameunda mifumo yao inayofanana nao. Kompyuta moja ya ofisi huteuliwa kuwa seva ya leseni. Muuzaji hutuma faili dogo la maandishi, ambalo kila mstari wake hutaja jina la sehemu ya programu, toleo lake, tarehe ya mwisho wa ruhusa na idadi ya watumiaji, kisha hufuatiwa na msururu mrefu wa herufi na tarakimu ambao ndio sahihi ya muuzaji. Ukibadilisha tarehe hata kwa siku moja, sahihi haikubali. Mwanzoni mwa faili huandikwa utambulisho wa seva yenyewe, mara nyingi ule wa herufi na tarakimu 12 uliotiwa kiwandani katika kadi ya mtandao.

Mhandisi anapofungua programu yake, programu hiyo hubisha hodi kwenye seva, aghalabu kwenye mlango namba 27000, na kuomba nafasi. Nafasi ikiwapo, mlinzi huitoa na kuandika daftarini jina la aliyeichukua. Baada ya hapo programu huendelea kuiulizia seva kila baada ya muda mfupi, mithili ya mtoto amwitaye mama yake gizani ili ahakikishe kwamba bado yupo. Seva isipoitika, programu nyingine huonya tu. Nyingine hujifunga, pamoja na hesabu iliyokuwa imekwenda kwa saa tisa.

Kwenye karatasi utaratibu huu hauna kasoro. Taabu ni kwamba ulibuniwa kwa ajili ya mahali ambapo umeme haukatiki na muuzaji yuko mtaa wa pili. Umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, kadi ya mtandao isiyo na thamani kubwa huungua, nayo leseni yenye thamani ya gari jipya hufa pamoja nayo, kwa sababu faili lilifungwa kwa utambulisho wa kadi ile na si nyingine. Hapo huanza maombi: fomu ya kuhamisha leseni, uthibitisho kwamba mashine ya zamani imeharibika, maelezo ya kwa nini ofisi hiyo hiyo iliomba tena mwaka jana. Ikiwa mkasa umetokea Ijumaa jioni, ofisi ya muuzaji iliyoko Ulaya itafunguliwa Jumatatu. Ikiwa mkataba wa huduma ulikwisha mwezi uliopita, huenda jibu likawa kwamba ulipwe kwanza. Wauzaji hushauri ziwekwe seva tatu, ambapo mbili zikiwa hai kazi huendelea. Ushauri ni mzuri, ila maana yake ni kwamba ofisi inanunua mashine tatu kwa ajili ya kulinda kufuli, si kulinda kazi.

Kuna pia leseni za kuazima, ambazo mhandisi huzichukua kwenye kompyuta yake ya safari ili afanye kazi mahali pasipo na mtandao. Hizi zimewafaa watu wengi. Lakini kompyuta hiyo ikiibwa kituo cha basi au ikianguka majini, leseni iliyoazimwa kwa siku thelathini hubaki imeshikwa kwa siku zote zilizosalia, na ofisi huihesabu kuwa inatumika ilhali hakuna aitumiaye.

Anayebeba mzigo huu wote kwa kawaida hana cheo cha kazi hiyo. Ni mhandisi kijana aliyeonekana siku moja kuwa anazifahamu kompyuta, akakabidhiwa seva, na tangu hapo haachiwi. Hupigiwa simu usiku kuulizwa nani kashika leseni. Husoma daftari la mlinzi, akamtafuta mwenye jina, akambembeleza atoke. Alisomea madaraja, amekuwa bawabu.

Haitakuwa haki kuwalaumu wauzaji bila kuwasikiliza. Programu ya kuchanganua uimara wa majengo si kitu cha kutungwa kwa mwaka mmoja. Ndani yake mna miongo ya kazi ya wanahisabati na wahandisi, na majaribio mengi ya kulinganisha majibu ya mashine na yale ya maabara. Wizi wa programu upo, na umeenea. Kabla ya seva za leseni, kampuni nyingi zilitumia vifunguo vidogo vya kuchomeka nyuma ya kompyuta, navyo vilipotea na kuvunjika. Kwa kulinganisha navyo, leseni inayotumiwa kwa zamu na ofisi nzima ilikuwa nafuu ya kweli, kwani wahandisi kumi na wawili waliweza kugawana nakala tatu. Yote haya ni sawa.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo hoja hiyo hailijibu. Nakala iliyoibwa haina kufuli. Aliyeivunja aliondoa mlinzi, akaondoa tarehe, akaondoa maswali ya kila dakika. Anayeitumia haombi nafasi wala haungui kadi. Basi usumbufu wote uliotungwa dhidi ya mwizi humwangukia yule mmoja ambaye si mwizi. Hili si la kumsifu mwizi hata kidogo: nakala iliyovunjwa huja na virusi, na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi akitia muhuri kwenye hesabu zilizotoka katika programu ambayo haijulikani imechezewa wapi, anatia muhuri kwenye maisha ya watu. Lakini aliyelipa anapokuwa na chombo kisichotegemeka kuliko cha aliyeiba, muuzaji mwenyewe anakuwa amemwonyesha mteja wake njia ya kichochoroni.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Hadi miaka ya 1960 programu kwa kawaida ilikuja pamoja na mashine, kama kitabu cha maelekezo kinavyokuja na trekta. Mwezi Juni 1969 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kwamba itaanza kutoza bei ya programu mbali na bei ya mashine, na hapo biashara ya programu ikapata nguvu ya kusimama peke yake. Katika miaka hiyo hiyo shirika la anga la Marekani, NASA, lilikuwa limegharimia NASTRAN, programu ya kuchanganua uimara wa vyombo vya anga, ambayo ilitolewa kwa umma mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kampuni kadhaa ziliichukua, zikaiendeleza, na kuuza kila moja toleo lake. Mwaka 1999 mmoja wa wauzaji hao, kampuni ya MSC, aliwanunua washindani wake wawili, UAI na CSAR. Tume ya Biashara ya Marekani ilifungua shauri mwaka 2001 ikidai kwamba ushindani umeuawa, na mwaka 2002 shauri hilo likamalizika kwa masharti kwamba MSC itoe haki ya kutumia programu yake, pamoja na maandishi yake ya asili, kwa kampuni nyingine ili ushindani urudi. Inafaa kulikumbuka shauri hilo kila inaposemwa kwamba masharti ya leseni ni makubaliano ya hiari baina ya watu wawili. Mwenye mahali pamoja tu pa kununua hana hiari kubwa.

Na je, anayenunua hununua nini hasa? Hata mahakama hazikukubaliana. Huko Marekani, mtu mmoja aliyeitwa Timothy Vernor alitaka kuuza nakala za AutoCAD zilizokwisha kutumika, alizozinunua kutoka ofisi ya wasanifu majengo. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa iliamua kwamba ofisi ile haikuwa imemiliki nakala hizo. Ilikuwa na ruhusa tu ya kuzitumia, kwa hiyo haikuwa na kitu cha kumuuzia. Miaka miwili baadaye, tarehe 3 Julai 2012, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika shauri baina ya UsedSoft na Oracle kwamba leseni isiyo na ukomo iliyolipiwa mara moja ni sawa na mauzo, na aliyeinunua anaweza kumuuzia mwingine. Mhandisi wa Dar es Salaam asomaye hukumu hizo mbili anaweza kujiuliza programu yake ni ya upande gani wa bahari.

Swali hilo hata hivyo linapoteza uzito kila mwaka, kwa kuwa leseni zisizo na ukomo zinatoweka. Mwaka 2016 kampuni ya Autodesk iliacha kuuza leseni mpya za kudumu, ikabakiza zile za kulipia kila kipindi. Mwaka 2020 ilianza kuziondoa leseni za pamoja, ikizibadilisha kwa leseni za mtu mmoja mmoja kwa jina lake, kila moja ya zamani kwa mbili mpya. Kwa ofisi ambayo leseni moja ilizunguka kwa watu wanne kwa siku, hesabu hiyo si vigumu kuifanya. Mnunuzi amegeuka mpangaji. Kila apangaye chumba Kariakoo anajua hali hiyo: hulipa kodi ya miezi kadhaa mbele, haruhusiwi kupigilia msumari ukutani, na siku kodi inapopanda hana la kujibu ila kulipa au kuhama. Tofauti ni kwamba mpangaji wa chumba huondoka na vyombo vyake. Mpangaji wa programu huacha vyombo ndani, kwa maana mafaili yake hayafunguki pengine.

Tena wapo wauzaji wanaohesabu kwa tokeni. Katika programu ya Abaqus, mathalani, kwa miaka mingi hesabu inayotumia kiini kimoja cha prosesa ilidai tokeni 5, viini vinne tokeni 8, viini vinane tokeni 12, na viini kumi na sita tokeni 16. Ofisi iliyonunua kompyuta yenye viini kumi na sita lakini ina tokeni 10 haiwezi kutumia hata nusu ya mashine yake. Inaweza kufanya hesabu mbili ndogo kwa wakati mmoja, au moja iliyo kubwa kidogo, na viini vilivyobaki hukaa bure vikipashwa moto na umeme uliolipiwa. Mwenye kuilipia mashine ni mmoja, anayeamua itumike kiasi gani ni mwingine.

Liko jambo zito zaidi ya haya yote, nalo ni umbali. Leseni mpya nyingi hazikai tena katika seva ya ofisi. Hukaa kwa muuzaji, ng'ambo, na programu huziulizia kupitia intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku kama hiyo programu inayohitaji kupiga hodi ng'ambo kabla ya kufunguka hutegemea huruma ya muda wa nyongeza aliouweka muuzaji, na si kila muuzaji huuweka. Uzi unaokatika hurekebishwa kwa siku kadhaa. Ruhusa inayokatwa kwa makusudi hairekebishwi na fundi. Mwezi Mei 2020 Serikali ya Marekani iliviongeza katika orodha yake ya vikwazo vyuo viwili vya mjini Harbin, China: Harbin Institute of Technology na Harbin Engineering University. Mwezi uliofuata walimu na wanafunzi wa vyuo hivyo walijikuta hawawezi tena kutumia leseni ya MATLAB, programu ya hesabu iliyokuwa imezoeleka katika masomo na utafiti wao. Hawakuwa wamekosa kulipa. China ilikuwa na wataalamu na fedha za kutafuta mbadala; nchi isiyo na hivyo ingekaa na tasnifu zisizomalizika.

Daraja la Nyerere la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016. Kanuni za usanifu za Ulaya huweka maisha ya daraja kuwa kama miaka 100, na ya jengo la kawaida miaka 50. Katika muda huo mizigo hubadilika, malori huwa mazito, nyufa huonekana, na kila mara yuko mhandisi atakayehitaji kurudia hesabu za mwanzo ili ajue nguzo ilikusudiwa kubeba nini. Hesabu za miundo mingi ya siku hizi zimo katika mafaili ambayo hufunguliwa na programu moja tu, ambayo ruhusa yake huisha baada ya miezi kumi na miwili. Michoro ya karatasi ya wahandisi wa zamani iliweza kuliwa na mchwa, lakini yule aliyeikuta nzima aliisoma.

Dawa ya haya si kususa. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, kwa sababu ambazo wakati ule zilieleweka, na ikachukua miaka mingi kuirudia njia iliyoachwa. Programu za kibiashara zitaendelea kuhitajika, na katika kazi nyingine hazina mshindani. Kinachowezekana ni kununua kwa macho mawili. Mkataba wa manunuzi unaweza kudai kwamba seva ya leseni iwe hapa nchini. Kwamba ikiungua, leseni ya dharura itolewe siku hiyo hiyo bila malipo. Kwamba muda wa leseni ukiisha, mafaili yaendelee kufunguka kwa kusomwa tu. Wizara na mashirika yanayojenga yanaweza kuwadai washauri wao wakabidhi si michoro pekee bali na mifano ya hesabu, katika miundo ya mafaili iliyo wazi kwa wote, kama STEP na IFC, ambayo imesajiliwa na shirika la viwango la kimataifa. Na vyuo vinaweza kununua kwa pamoja. Chuo kimoja kikisimama mbele ya muuzaji peke yake ni mteja mdogo. Vyuo vitano si mteja mdogo.

Zipo pia programu huru, ambazo hazina mlinzi mlangoni. Code_Aster ilianza kuundwa mwaka 1989 na shirika la umeme la Ufaransa, EDF, kwa ajili ya kazi zake lenyewe, ukiwamo uchunguzi wa mitambo ya nyuklia, na tangu 2001 imetolewa kwa kila mtu. OpenFOAM, ya mwendo wa maji na hewa, iliachiwa huru mwaka 2004. SPICE, iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni mama wa programu nyingi za saketi zinazouzwa leo kwa bei kubwa. Asidanganyike mtu kwamba hizi ni za bure. Maelekezo ya Code_Aster yaliandikwa kwa Kifaransa, na anayeanza OpenFOAM bila mwalimu hupoteza miezi. Gharama yake ni watu. Lakini fedha inayolipwa kumfundisha mhandisi hubaki nchini pamoja naye, na tarehe 31 Desemba haimfuti. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa programu moja tu ya kibiashara, katika toleo la wanafunzi lililowekewa kikomo cha ukubwa wa hesabu, huhitimu akiwa mteja wa mtu. Aliyefundishwa hesabu zenyewe kwa programu mbili tofauti, moja yao ikiwa huru, anaweza kulinganisha majibu, na hapo ndipo uhandisi huanza.

Libaki moja la mwisho, dogo kabisa, ambalo limegharimu taasisi za umma kuliko nyaya za baharini. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Leseni nyingi huisha tarehe ile ziliponunuliwa, na ikiwa zilinunuliwa kwa fedha za mradi, huenda ikawa Julai yenyewe, wiki ambayo bajeti imepitishwa na fedha hazijashuka. Programu hulala mwezi mzima, wakati mwingine miwili, na ipo miongoni mwa mikataba ile idaiyo ada ya kurejea kwa aliyechelewa. Kuisogeza tarehe ya mwisho hadi Oktoba hakuhitaji sheria mpya wala fedha ya kigeni. Muuzaji akiombwa siku ya mauzo, kabla hajalipwa, mara nyingi hukubali.